Samaki Aliyekufa Jana Hajibu Swali

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kutoboa ncha za vidole. Mimi ni msaidizi wa maabara katika zahanati ya kijiji huku Kitahana, wilayani Kibondo, na mkoa wetu wa Kigoma umeonja malaria kuliko mikoa mingi: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 uliutaja kuwa unaongoza nchini, takriban mtoto mmoja katika kila wanne waliopimwa akiwa na vimelea. Tone la damu, matone ya dawa, dakika 15, mstari mmoja au miwili. Mwaka 2019 nilipochimba bwawa langu la kwanza la sato bondeni, nilijiambia kuwa siku samaki wakiugua nitafanya vivyo hivyo: nitapima, nitajua, nitatibu. Nina mabwawa manne sasa, na kila fundisho ninaloandika hapa limenigharimu samaki.

1. Anza na maji

Hasara ya kwanza ilinikuta Novemba 2020, mvua zikiwa zimekolea na mawingu yakiwa yametanda siku ya tatu mfululizo. Nilifika bwawani saa kumi na mbili asubuhi nikakuta samaki 47 wakielea, matumbo juu. Waliobaki walikuwa wamejaa usoni mwa maji, vinywa wazi, wakihema. Jirani aliyekuwa akipita kwenda shambani alisimama, akatazama, akasema neno moja: utupa.

Huku kila mtu anaujua utupa. Ni mmea ambao wazee walikuwa wakiuponda majani na kuyatia mtoni ili samaki walegee. Neno hilo liliniingia. Kwa siku mbili nilimtazama kwa jicho baya mtu ambaye hakunikosea kitu, na jambo hilo linaniuma kuliko samaki wenyewe.

Afisa ugani alipokuja hakufungua begi lolote. Aliniuliza maswali. Waliokufa ni wakubwa au wadogo? Wakubwa. Viluwiluwi wa vyura je? Wapo, wanaogelea. Waliokuwa wakihema walitulia saa ngapi? Nilipokumbuka, ilikuwa kama saa tatu, jua lilipojitokeza kidogo. Kisha akaniambia niingize mkono majini taratibu nikitazama kiganja. Kilipotea kabla maji hayajafika kiwiko. Nilikuwa nimeweka samadi nyingi mno, maji yamekuwa kijani kizito, na mimea ile midogo ya majini hutoa oksijeni mchana kwa mwanga wa jua lakini usiku nayo huivuta kama samaki wanavyoivuta. Siku tatu za mawingu zilitosha kumaliza akiba. Sumu ingewachukua wadogo na viluwiluwi pia. Ukosefu wa hewa huanza na wakubwa.

Kesho yake alfajiri tulipima kwa kichupa cha matone, kile ambacho rangi yake unailinganisha na kadi. Oksijeni ilikuwa miligramu 1.5 kwa lita. Sato ni mvumilivu, lakini chini ya miligramu 3 tayari yuko taabuni.

Nimekuja kugundua kuwa balaa hilo huwakuta wengi, hata wenye mitaji mikubwa. Novemba 2022 wafugaji wa vizimba upande wa Kisumu, Ziwa Victoria, walipoteza samaki kwa wingi mno, na watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, walieleza kuwa chanzo kilikuwa maji yaliyopungukiwa oksijeni. Hakuna kipimo cha virusi ambacho kingewasaidia asubuhi ile. Kwa hiyo leo, kabla sijawaza ugonjwa, ninapima vitu vitatu: oksijeni alfajiri, pH asubuhi na tena alasiri, na amonia. Amonia na pH nazisoma pamoja, kwa kuwa amonia ileile isiyo na madhara maji yakiwa na pH 7 hugeuka sumu pH ikipanda hadi 9 mchana wa jua kali. Kazi yote inachukua nusu saa.

2. Samaki aliyekufa jana hajibu swali

Machi 2021 mambo yalikuja kwa sura nyingine. Hawakufa kwa mkupuo. Watatu leo, watano kesho, saa yoyote, wengine wakiwa na macho yaliyotokeza na ngozi iliyopauka. Maji yalikuwa sawa. Nikajua sasa ni ugonjwa.

Niliokota sita waliokuwa wakielea, nikawapanga kwenye kibebeo cha baridi chenye barafu niliyonunua dukani Kibondo mjini, nikapanda basi kwenda Kigoma. Ni zaidi ya kilomita 200, na barabara wakati ule ilikuwa bado vumbi kwa sehemu kubwa. Nililala njiani. Barafu iliyeyuka Kasulu. Mtaalamu aliyenipokea maabara alifungua kifuniko, akakifunga, akaniambia kwa upole kwamba anachoweza kukuta mle ni bakteria wa uozo tu. Samaki akishakufa, ndani ya saa chache bakteria wa utumbo wake na wa maji humtawala mwili mzima, na huwezi tena kumtenga aliyeua na waliokuja mazishini.

Mimi wa maabara nilipaswa kulijua hilo. Zahanati tunakataa hata mkojo uliokaa saa nyingi mezani. Lakini samaki nilimhesabu kama kitoweo, na kitoweo ukikiweka kwenye barafu umekitendea haki.

Sasa nafanya hivi. Namtafuta samaki mgonjwa aliye hai: anayeogelea ubavu, anayezunguka, aliyejitenga kando ya ukingo, asiyekimbia kivuli changu. Huyo ndiye shahidi. Ikiwezekana anasafiri akiwa hai ndani ya mfuko wa maji uliojazwa hewa. Isipowezekana, nafungua tumbo papo hapo kwa wembe safi, nachukua kipande cha ini, cha wengu na cha figo, kila kimoja kisichozidi punje ya harage, natia kwenye kichupa chenye spiriti ya asilimia 95, spiriti ikiwa mara kumi ya kipande. Hicho ni cha vipimo vya vinasaba. Vipande vinavyokwenda kukatwa na kusomwa kwa hadubini huwekwa kwenye formalini ya asilimia 10, na hivyo havigandishwi kamwe, kwa sababu barafu hupasua chembe hai na kumharibia msomaji picha. Kwa bakteria hakuna njia ya mkato: samaki hai, au aliyekufa mbele yako na kufika kwenye baridi ndani ya saa chache.

Kila kichupa kina karatasi ndani, imeandikwa kwa penseli. Wino huyeyuka kwenye spiriti.

3. Kipimo hujibu ulichokiuliza tu

Katikati ya 2022 walipita huku watafiti wawili waliokuwa wakizungukia mabwawa ya Kasulu na Kibondo. Walikuwa na kijisanduku cha chuma kikubwa kama redio ya mkulima, kikitumia betri ya pikipiki. Nilikaa nao mchana kutwa, kwa sababu nilikuwa nimekingoja kitu cha namna ile tangu safari ya kibebeo.

Njia yao inaitwa LAMP. Ilibuniwa Japani na Tsugunori Notomi na wenzake, wakaichapisha mwaka 2000. Ile PCR ya maabara kubwa, ambayo watu wengi tuliisikia wakati wa Uviko, hunakili vinasaba kwa kupandisha na kushusha joto mara nyingi, na kwa hiyo inataka mashine ya bei na umeme usioyumba. LAMP hunakili kwa joto moja tu, nyuzi 60 hadi 65, ndani ya nusu saa hadi saa moja. Kinachotakiwa ni kitu cha kulitunza joto hilo. Rangi ikigeuka kutoka waridi kwenda njano, vinasaba unavyovitafuta vimo.

Walichokuwa wakikitafuta ni virusi vya sato vinavyojulikana kwa kifupi TiLV. Vilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2014 na wanasayansi wa Israeli, baada ya samaki kufa huko kwa miaka kadhaa bila sababu kujulikana. Mei 2017 FAO ilitoa tahadhari kwa dunia nzima, maana sato ni chakula cha watu wengi wa kipato cha chini na virusi hivyo vimewahi kuua hadi samaki tisa katika kila kumi bwawani. Mwaka 2018 watafiti walichapisha kwamba vinasaba vya TiLV vimekutwa kwenye sato wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na wa Uganda, wa kufugwa na wa ziwani, tena samaki wasio na dalili yoyote. Vifaranga wangu walitoka kanda hiyo. Moyo ulikuwa ukinidunda.

Vichupa vyangu vilibaki waridi. Niliwashukuru, nikawapikia ugali wa muhogo na maharage, nikalala usingizi mzuri. Siku mbili baadaye walikufa 60.

Nilikasirika na kijisanduku kile. Ilinichukua siku nzima kuona kuwa hakikukosea. Kiliulizwa kama kuna TiLV kikasema hapana. Mimi ndiye niliyesikia kwamba samaki ni wazima. Kila siku zahanati mama huleta mtoto mwenye homa, kipimo cha malaria kinaonyesha mstari mmoja, na hakuna mganga anayemwambia arudi nyumbani kwa kuwa mtoto hana kitu. Tunaanza kutafuta: masikio, kifua, mkojo. Kwa samaki nilisahau ninachokijua kwa watoto.

Jumamosi ile nilimwomba mganga mfawidhi ruhusa ya kutumia hadubini baada ya wagonjwa kuisha, nikiwa na slaidi zangu mwenyewe na dawa ya kusafishia. Nilikata ncha ya matamvua ya samaki aliye hai, yale mashavu mekundu ya kupumulia, nikaiweka kwenye tone la maji ya bwawani, nikafunika kwa kioo. Sikuhitaji kutafuta. Walikuwa wamejaa viumbe wa duara, wakizunguka kama visahani, na katikati ya kila mmoja pete ya meno. Trikodina. Wachache huwapo karibu kila bwawa bila kisa. Wakiwa mamia kwenye uwanja mmoja wa lenzi, samaki hawezi kupumua.

Dawa yake ilitoka mkoani kwetu. Chumvi ya Uvinza, ambayo watu wamekuwa wakiichemsha pale kwa zaidi ya miaka 1,000, niliipima gramu 10 kwa kila lita ya maji kwenye pipa, nikawazamisha samaki kwa mafungu, dakika 10 kila fungu, nikisimama juu yao muda wote ili nimtoe anayeanza kulala ubavu. Nilipunguza idadi yao bwawani na kuacha samadi kwa mwezi. Vifo vilikoma wiki iliyofuata.

Kisa cha Ghana nakiona kuwa kikubwa kuliko changu lakini ni cha ukoo uleule. Mwaka 2018 nchi hiyo ilipiga marufuku kuingiza sato kutoka nje kwa hofu ya TiLV. Kabla mwaka haujaisha, samaki wakaanza kufa kwa wingi kwenye vizimba vya Ziwa Volta, na uchunguzi ulipokamilika ukaonyesha virusi vingine kabisa, ISKNV. Wangeuliza TiLV peke yake, wangejibiwa hapana na vizimba vikaendelea kumalizika. Ndiyo maana nalitazama kwa matumaini begi la mgongoni ambalo shirika la WorldFish na washirika wake wamelitengeneza, lenye kifaa kidogo cha kusoma mfuatano wa vinasaba huko huko shambani: hicho kinaweza kumtambua hata yule ambaye hukumtaja kwa jina. Bei yake bado si ya mfugaji wa Kitahana.

4. Rangi ya njano inaweza kutoka kwenye udongo

Hili ni dogo lakini lilinitia hofu sana. Baadaye nilifundishwa kuendesha LAMP mwenyewe, na siku ya mazoezi vichupa vyangu viwili viligeuka njano kabla hata ya kupata joto.

Rangi ile haioni virusi. Inaona asidi: vinasaba vinaponakiliwa kwa wingi, mchanganyiko unakuwa mchachu na rangi inageuka. Sasa udongo wetu wa nyanda hizi ni mwekundu na mchachu, ndiyo sababu maafisa hutuhimiza kuweka chokaa kabla ya kujaza bwawa, na mimi nilikuwa nimechukua ute wa samaki pamoja na maji ya bwawa ambalo halijaonja chokaa. Asidi ya bwawa ilijibu mahali pa virusi.

Kila ninapopima sasa kuna vichupa viwili vya ziada. Kimoja kina maji safi tupu, lazima kibaki waridi. Kingine kina kipande cha vinasaba vinavyojulikana, lazima kigeuke njano. Kimojawapo kikienda kinyume, majibu yote ya siku hiyo yanatupwa, hata kama yananipendeza. Ni kazi ya ule mstari wa C, wa kuthibitisha kipimo, kwenye kipimo cha malaria: usipotokea, hata mstari wa T, wa ugonjwa, uwake namna gani, kipimo hakihesabiwi. Na kichupa kilichokwisha kufanya kazi hakifunguliwi mezani. Ndani yake kuna nakala mabilioni, na chembe isiyoonekana ikirukia meza, kila kipimo cha kesho kitakuwa njano.

5. Samaki watatu hawasemi kwa niaba ya bwawa

Nilikuwa napima watatu kwa sababu vipimo ni ghali. Watafiti wale walinionyesha hesabu ambayo nimeibandika ukutani. Ikiwa ugonjwa umeshika samaki mmoja katika kila kumi, unahitaji kupima kama 30 ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba utamkuta angalau mmoja. Ikiwa umeshika watano katika mia, unahitaji 60. Wawili katika mia, 150. Na hapo tunadhani kipimo hakikosei kamwe.

Nani ana vipimo 150? Kuna njia mbili za kupumua. Ya kwanza ni kuchagua wagonjwa badala ya kuchota ovyo. Ndani ya kundi la wanaozunguka na kujitenga, ugonjwa haujifichi kama ulivyojificha bwawa zima. Ya pili ni kuchanganya sampuli za samaki watano kwenye kichupa kimoja, ingawa ukizidisha, mgonjwa mmoja humezwa na wazima wengi. Tena si lazima kuwaua. Imethibitika kuwa TiLV huonekana hata kwenye ute wa ngozi: unafuta ubavu kwa pamba, unamrudisha samaki majini. Kwa mwenye samaki wazazi 40 aliowalea miaka miwili, hilo si jambo dogo.

6. Andika utakachofanya kabla ya kufungua paketi

Hapa ndipo nilipokosea vibaya zaidi. Wakati wa vifo vya Machi 2021, baada ya kurudi Kigoma mikono mitupu, nilikwenda duka la dawa za mifugo nikanunua oksitetrasaiklini, nikaichanganya na pumba, nikawalisha samaki siku nne nikaacha ilipoisha. Sikujua kama adui ni bakteria. Sikujua kipimo cha dawa. Wiki iliyofuata akina mama wa sokoni walikuja kununua, nikawauzia. Ningemwona mgonjwa zahanati akifanya hivyo na antibaiotiki ningemkemea. Virusi havijali tetrasaiklini, vimelea vya mashavuni havijali, na bakteria wanaobaki wanakuwa wamefundishwa kuizoea. Bakteria hao hukaa kwenye maji tunayochotea.

Siku hizi paketi ya kipimo haifunguliwi mpaka karatasi imeandikwa na kusainiwa na mimi na kijana ninayefanya naye kazi. Yangu inasema hivi. Tukikuta virusi: tunaziba mtaro wa kutolea maji jioni ileile, nyavu na ndoo za bwawa hilo hazitoki, samaki hai hauzwi wala hagawiwi, waliokufa wanafukiwa na chokaa mbali na kijito, na afisa uvuvi wa wilaya anapigiwa simu, maana TiLV ni miongoni mwa magonjwa ambayo Shirika la Afya ya Wanyama Duniani linataka yatolewe taarifa. Tusipokuta: tunakwenda kwenye hadubini, kisha tunatuma samaki hai kwa uchunguzi wa bakteria. Kipimo kikiharibika: tunarudia mara moja, na hadi hapo bwawa linahesabiwa kuwa na ugonjwa.

Mstari wa mwisho wa karatasi ndio mgumu. Unasema: antibaiotiki hainunuliwi bila jina la bakteria. Nimeuvunja mara moja kichwani, sijauvunja kwa mkono.

Kuna swali linaloulizwa kila ninaposhika kifaa mbele ya watu: je, tukila? TiLV haiwapati binadamu. Hilo nalisema wazi na kwa sauti, lakini siongezi kwamba basi tuuze. Samaki anayekufa kwa sababu isiyojulikana haingii sokoni kutoka kwangu.

7. Ugonjwa huja kwenye mfuko wa vifaranga

Vifaranga wa kwanza walikuja usiku kwa basi, kwenye mifuko ya plastiki yenye oksijeni, nikawamimina bwawani moja kwa moja pamoja na maji yao. Nafikiri Trikodina walikuja hivyo, ingawa siwezi kuapa.

Sasa nina bwawa dogo la pembeni, la mita tatu kwa nne, lisilomwaga maji popote, lenye wavu wake na ndoo yake iliyopakwa rangi nyekundu. Wageni wanakaa humo siku 21. Maji ya safari yanamwagwa kwenye shimo la chokaa.

Ubaridi wetu unanifanya niwe mwangalifu zaidi. Milipuko ya TiLV imeonekana maji yakiwa kati ya nyuzi 22 na 32. Juni na Julai huku alfajiri maji yangu hushuka chini ya hapo, na samaki aliyebeba virusi anaweza kuonekana mzima kabisa, kama wale wa Ziwa Victoria. Kwa hiyo utulivu wa Julai siupi uzito. Nikiwapokea vifaranga kipindi cha baridi, napima ute wanapofika, na napima tena Septemba joto linaporudi.

Nikitazama mtaro wangu wa kutolea maji, nauona unaingia kijitoni. Vijito vyetu hushuka hadi Malagarasi, mto unaolisha ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, kabla maji hayajafika Tanganyika. Mto huo una perege wake mwenyewe, Oreochromis malagarasi, ambaye asili yake ni humo. Wavuvi wa kule chini hawajui kama mimi nipo. Nikifungua bwawa lenye ugonjwa wakati wa mafuriko, hakuna atakayenidai. Nalifikiria hilo kila ninapokagua wavu wa mtaroni.

8. Jirani asisikie sokoni

Mtaro wangu, kabla ya kufika kijitoni, unapita mabwawa mawili ya mzee mmoja. Ndiye yule niliyemdhania utupa mwaka 2020. Miaka miwili sikumwambia. Mwaka 2022 samaki wangu walipokufa nilinyamaza tena, nikiogopa kwamba habari ikifika sokoni wateja watanikimbia, na wiki ileile naye akaanza kuokota wake. Alikuja kwangu akiwa amewabeba kwenye sufuria, si kwa lawama, kwa kuwa anajua nafanya kazi maabara.

"Dokta, mwanangu, hebu niangalizie hawa."

Nilimwambia yote palepale, ya mwaka ule na ya mwaka huu. Alikaa kimya muda mrefu akitazama maji. Kisha akaniuliza chumvi ni gramu ngapi kwa lita.

Tangu hapo tuna makubaliano: kifo cha samaki zaidi ya watatu kwa siku kwa yeyote kati yetu, mwenzake anajua kabla ya saa nne asubuhi. Wafugaji wengine watano wa bonde hili wameingia. Tumechanga tukanunua kichupa cha oksijeni na cha amonia, vinakaa nyumbani kwa mzee kwa sababu yeye haendi kazini.

Leo ni siku ya 17 ya vifaranga wapya kwenye bwawa la pembeni. Jana wawili walikufa. Alfajiri hii nimemkuta mmoja akizunguka mahali pamoja, mweusi kuliko wenzake. Yuko hai, kwenye ndoo nyekundu. Nimefuta ute wa ubavuni, nimewafuta na wenzake wanne waliokuwa karibu naye, vichupa viwili vya ziada viko tayari na karatasi imesainiwa. Mzee amefika, tumepigiana makofi ya salamu, amevuta kigoda na kuketi karibu na betri ya pikipiki. Joto limefika nyuzi 63. Tunasubiri.